SOMO LA MWEZI: SARA, ELISABETI, NA MAMA WA KAMPALA

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 16 na 18:1-15, 1 Samweli 1, Luka 1:5-25.



Tarehe 29 Novemba 2023 mama mmoja mwenye umri wa miaka 70 alijifungua mapacha, mvulana na msichana, katika hospitali ya matibabu ya uzazi mjini Kampala. Habari ile ilivuka mpaka wa Mutukula ikafika hata vijijini kwetu, Biharamulo na Ngara. Wengi tulifurahi, tukamsifu Mungu. Lakini katika nyumba zisizo na mtoto iliacha swali zito: ikiwa mwenye miaka 70 amepata, je, mwenye miaka 45 aweza kukosa? Je, auze ng'ombe na shamba la migomba, aende?

Swali hili si la kuchekwa, maana nyumba yaweza kumaliza mali yake yote kwa ajili yake. Basi tumeona vema tujifunze pamoja kweli ya jambo hili.

1. Matibabu haya ni nini?

Daktari humpa mwanamke dawa ili mayai yake ya uzazi yakomae, kisha huyatoa kwa sindano. Mayai huunganishwa na mbegu za mume nje ya mwili, na baada ya siku chache kiinitete hurudishwa katika tumbo la uzazi. Mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hii ni Louise Brown, huko Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Katika Uganda njia hii ilileta mtoto wa kwanza mwaka 2004, na katika Kenya mwaka 2006.

Tuangalie neno moja. Mama yake Louise Brown alikuwa na miaka 30 tu, na shida yake ilikuwa mirija ya uzazi iliyoziba. Matibabu haya yalianza ili kuipita mirija iliyoziba. Hayakuanza ili kuurudisha ujana.

2. Yai huzeeka kabla ya tumbo

Mwanamke huzaliwa akiwa na mayai yake yote, kama milioni moja au mbili. Hayaongezwi tena. Afikapo umri wa kuvunja ungo yamebaki laki chache, na kila mwaka hupungua. Tena yanayobaki huzeeka pamoja naye. Baada ya miaka 35 kupungua huku huenda upesi, na baada ya 40 upesi zaidi. Mayai mengi ya umri huo hayawezi kufanya mtoto mzima. Ndiyo sababu mimba nyingi huharibika mapema. Dawa za hospitali zaweza kukomaza yai lililopo, lakini haziwezi kulifanya kuwa changa.

Tumbo la uzazi si hivyo. Likisaidiwa kwa dawa, laweza kupokea mimba hata baada ya hedhi kukoma. Hapo ndipo ilipo siri ya habari ya Kampala. Yai lililotumika halikuwa la mama yule wa miaka 70. Lilitolewa na mwanamke mwingine, likaunganishwa na mbegu za mwenzi wake. Maneno hayo hospitali iliyasema, lakini yalipofika kwetu yalikuwa yamekwisha kuanguka njiani.

Katika Uingereza hesabu hizi huwekwa kwa uangalifu kila mwaka. Kwa wanawake walio chini ya miaka 35 wanaotumia mayai yao wenyewe, kila mara kiinitete kimoja kinaporudishwa, karibu 1 kati ya 3 humpata mtoto aliye hai. Kwa wenye miaka 43 na zaidi ni karibu 1 kati ya 20. Bali wakitumia yai la mwanamke kijana, hata wenye umri mkubwa hukaribia tena 1 kati ya 3. Basi umri unaohesabiwa zaidi ni umri wa yai.

Wala hatari haikosi. Mimba ya umri mkubwa huleta zaidi shinikizo la damu, kifafa cha mimba, kisukari, na kujifungua kwa kupasuliwa. Mama yule wa Kampala naye alipasuliwa, akiwa mikononi mwa madaktari bingwa.

3. Kabla ya kuuza shamba

Yatupasa kuuliza hospitali yo yote maswali manne, bila haya. Mtatumia mayai ya nani? Kati ya wanawake 100 wa umri wangu mliowatibu, ni wangapi waliompeleka nyumbani mtoto aliye hai, wala si waliopata mimba tu? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa, safari, na jaribio la pili iwapo la kwanza halikufaulu? Mtarudisha viinitete vingapi, maana mapacha huongeza hatari? Jaribio moja hugharimu mamilioni ya shilingi, na mara nyingi moja halitoshi. Anayekataa kuyajibu maswali haya asipewe ng'ombe wetu.

Lakini somo kubwa zaidi ni kwa walio vijana. Wengi wetu hupoteza miaka kumi kwa waganga wa kienyeji na kwa kungoja, kisha huenda hospitali wakati umri umekwisha kuwa shida ya pili. Wenye ndoa wakikaa mwaka mmoja bila mimba, na waende. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, wasingoje zaidi ya miezi sita. Waanze karibu, katika kituo cha afya au hospitali kama Murgwanza, na ikibidi waandikiwe kwenda Bugando, Mwanza.

Na waende wawili. Katika karibu nusu ya nyumba zenye shida hii, mume naye ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mke. Kupima mbegu za mume ni kazi nyepesi, haina kisu. Ndugu wanaume, ni aibu kumtuma mke apimwe mara tatu, au kutafuta mke wa pili, nasi wenyewe hatujapimwa hata mara moja. Tena mirija mingi huzibwa na magonjwa ya zinaa kama kisonono, yasiyotibiwa mapema. Uaminifu wa ndoa na matibabu ya upesi hulinda uzazi.

4. Maandiko yatufundisha nini?

Sara na Elisabeti walizaa katika uzee. Tunaamini hivyo. Lakini Maandiko yamewahesabu kuwa ni ishara za kazi maalum ya Mungu, wala hayakumwahidi kila mwanamke mzee mtoto. Mtu asimwambie dada yake kwamba angekuwa na imani ya Sara angepata. Elisabeti, kabla hajapata mtoto, ameandikwa kuwa mwenye haki.

Tukumbuke pia Hajiri. Sara alipotaka mtoto kwa njia ya mwanamke mwingine, machozi yalimwagika kwa wote wawili, na kwa kijana pia. Yai la kupewa si jambo moja na lile, lakini linaleta mtu wa tatu katika habari ya nyumba. Wanaolifikiria wasifanye kwa siri na kwa haraka. Wazungumze wao wawili, waombe, wamwone kasisi wao, wafikiri jinsi watakavyomwambia mtoto kweli.

Tena Kitabu cha Sala cha 1662 kimeagiza kwamba katika ibada ya ndoa ile sala ya kuomba watoto iachwe, ikiwa bibi arusi amepita umri wa kuzaa. Ndoa yake ni ndoa kamili. Haikupunguzwa cho chote.

5. Wajibu wetu

Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Asiye na mtoto huketi katikati ya akina Mama Fulani, na kila salamu humkumbusha. Penina alimchokoza Hana, naye Eli, kuhani, alimdhania amelewa. Je, sisi si zaidi ya hao? Umoja wa Akina Mama na uwe mahali ambapo dada huyu haulizwi mambo ya tumbo lake, bali hushikwa mkono.

Maswali ya kuzungumza
1. Ni maneno gani ya kwetu yanayowaumiza wasio na watoto?
2. Kwa nini waume huogopa kupimwa?
3. Elkana alimpendaje Hana kabla ya Samweli kuzaliwa?

Tuombe: Ee Mungu, wape hekima wanaotafuta mtoto, waganga wao wape kusema kweli, nasi utupe upendo usiouliza mno. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.