Kaboni Nayo Ina Lumbesa: Hatua 7 Kabla Kijiji Hakijatia Saini

Mkulima wa viazi au vitunguu anaijua lumbesa. Gunia limeshajaa hadi mdomoni, lakini mnunuzi anataka lishindiliwe tena, lifumwe kamba kwa juu mpaka liote kichwa, na bei ibaki ileile ya gunia moja. Dawa yake inajulikana: mizani.

Sasa soko jingine limefika vijijini, soko la hewaukaa. Bidhaa yake haiingii guniani wala haishikiki, kwa hiyo mizani inahitajika zaidi. Nawaandikia wenyeviti, watendaji, wajumbe wa kamati za maliasili, na yule mwananchi anayekaa nyuma mkutanoni akiwasikiliza wageni wakitaja mabilioni. Fedha hizo zinaweza kuwa za haki na za heshima. Zifuateni kwa hatua hizi.

1. Jueni mnachouza

Kinachouzwa ni ukataji ambao ungetokea lakini ukazuiwa. Mwaka 2005, kwenye mazungumzo ya Umoja wa Mataifa mjini Montreal, Papua New Guinea na Costa Rica zilitoa hoja kwamba nchi za tropiki zinazoacha misitu yake isimame zinaifanyia dunia kazi, na kazi hulipwa. Hoja hiyo ikaingia kwenye maamuzi ya Bali mwaka 2007, taratibu zake zikapangwa Warsaw mwaka 2013, na Mkataba wa Paris wa 2015 ukaitambua katika kifungu cha 5.

Kwetu Tanzania mpango uliotokana na hoja hiyo tumeuita MKUHUMI, yaani kupunguza hewaukaa inayotokana na ukataji miti ovyo na uharibifu wa misitu. Aprili 2008 Norway iliahidi kuipa Tanzania krona milioni 500 kwa miaka mitano, na miradi ya majaribio ikaanzishwa Kilosa, Lindi, Kilwa, Kondoa, Kigoma na kwingineko. Siku hizi wanunuzi wengi ni makampuni ya nje. Hununua vyeti vya kaboni, na kila cheti ni tani 1 ya hewaukaa isiyoingia angani. Mgeni akija, mwulizeni swali la kwanza: ananunua nini hasa, na atamuuzia nani?

2. Wekeni sawa mipaka na karatasi

Msitu wenye mgogoro hauuziki. Hakikisheni kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi, na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri ya wilaya. Msitu nao utangazwe kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Tembeeni mpakani pamoja na wazee wa kijiji jirani, muandikishane kila jiwe na kila korongo.

Mnapotenga hifadhi, tengeni pia mashamba ya vijana watakaooa miaka 15 ijayo, na njia za mifugo. Msitu uliotengwa kwa pupa, vijana wataurudia na mapanga. Mfano mzuri uko bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe: walipata kwanza hatimiliki ya kimila ya pamoja, na haki hiyo ya ardhi ndiyo inayoubeba mradi wao wa kaboni.

3. Shikeni wenyewe futikamba

Wataalamu wakija kupima, wajumbe wa kamati wasibaki kubeba maji na kufyeka njia. Wapime. Kama mti uko kwenye mteremko, simama upande wa juu. Pima mita 1.3 kutoka ardhini, panapokaribia kifua cha mtu mzima. Zungusha futikamba ikaze, isipinde wala isipite juu ya mtambaazi. Gawanya mzunguko kwa 3.14 upate kipenyo: mzunguko wa sentimita 94 unatoa kipenyo cha sentimita 30 hivi. Andika na jina la mti kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu mpingo na mti laini wenye unene uleule hailingani uzito.

Hapo ndipo fomula za wataalamu zinapoanzia. Karibu nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikiungua hutoa takriban kilo 3.67 za hewaukaa. Hivyo mti wenye uzito mkavu wa tani 1 umeshika hewaukaa ya tani 1.7 hivi. Mjumbe aliyekwisha kuzungusha futikamba kwenye miti mia mbili anaposomewa takwimu ana pa kuanzia kuuliza. Nakala ya fomu za vipimo ibaki ofisi ya kijiji.

4. Ulizeni kiwango rejea

Hapa ndipo lumbesa ya kaboni inaposhonwa. Ili kusema ukataji umepungua, lazima kwanza mtu akadirie msitu ungekatwa kiasi gani kama mradi usingekuwepo. Makadirio hayo huitwa kiwango rejea. Tuseme msitu wenu ulikuwa unapoteza hekta 50 kwa mwaka. Mtu akiandika kwamba ulikuwa unaelekea kupoteza hekta 200, vyeti vitakuwa vingi na fedha zitaonekana nyingi, lakini hewa haitakuwa imepata nafuu hiyo. Gunia limeota kichwa, na safari hii anayeibiwa ni dunia nzima.

Mwaka 2023 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulichunguza miradi 26 katika nchi sita, ukaona kwamba mingi haikuwa imepunguza ukataji kwa kiasi ilichodai. Taarifa za namna hiyo zikienea, wanunuzi hukimbia, na kijiji kilicholinda msitu wake kwa uaminifu huumia pamoja na wengine. Kwa hiyo msishangilie kiwango rejea kikubwa. Ombeni mwonyeshwe kilitokana na picha gani za satelaiti, za miaka gani, na za eneo gani, kisha mlinganishe na mnayoyakumbuka: mwaka gani mashamba ya ufuta yaliingia, na barabara ilipofunguliwa malori ya mkaa yalikuwa mangapi.

5. Zibeni mvujo

Mkifunga msitu wenu, mkaa utatoka wapi? Ukihamia msitu wa kijiji cha pili, hewa haijafaidika; huo ndio mvujo. Kaeni na majirani mapema, na ikiwezekana ingieni mradi pamoja. Nyumbani nako, anayeishi kwa mkaa apewe njia nyingine kabla hajakatazwa. Baadhi ya vijiji vya Kilosa vilitenga sehemu maalumu ya msitu kwa ajili ya mkaa. Huvuna kwa vitalu kwa zamu, na kitalu kilichovunwa huachwa kichipue kwa mzunguko wa miaka 24. Mizinga ya nyuki, majiko sanifu na mbegu bora kwenye shamba lilelile moja ni sehemu ya kulinda kaboni sawasawa na doria.

6. Someni mkataba kama mnavyosoma hati ya urithi

Miradi mingi ya kaboni hudumu miaka 20 hadi 40. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya saini atakuwa mzazi kabla mkataba haujaisha. Daini nakala ya Kiswahili, isomwe yote kwa sauti mkutanoni, kisha ipite angalau wiki kadhaa kabla ya uamuzi. Kinga zilizokubaliwa Cancun mwaka 2010 zinataka haki za wenyeji ziheshimiwe na washiriki kikamilifu. Mkikimbizwa, hamjashirikishwa.

Maswali ya lazima ni haya:

– Asilimia yetu inatoka kwenye mapato ghafi, au kwenye faida baada ya gharama? Asilimia 60 ya faida inaweza kuwa ndogo kuliko asilimia 40 ya mapato ghafi.
– Tutaonaje bei halisi ambayo vyeti viliuzwa? Stakabadhi tutapewa?
– Nani anagharamia upimaji na ukaguzi wa nje?
– Moto ukiteketeza msitu, nani anabeba hasara?
– Kampuni ikiuzwa au ikifilisika, mkataba unakuwaje? Nasi tukitaka kujitoa?
– Kuni, dawa, asali, uyoga na maeneo ya tambiko: nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi?

Hakikisheni pia mradi unasajiliwa serikalini kwa mujibu wa kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 na marekebisho yake. Kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Halmashauri yenu ina mwanasheria na ofisa misitu. Watumieni kabla ya kalamu kugusa karatasi.

7. Amueni mgawo kabla fedha haijafika

Fedha isiyokuwa na mpango huwa na wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji uamue mapema kiasi cha doria, cha zahanati na shule, cha akiba ya mwaka mbaya, na cha kaya. Wakati wa majaribio huko Kilosa na Lindi, wananchi walilipwa mmoja mmoja na wenyewe wakaamua kiasi cha kuchangia maendeleo. Kule Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko, na fedha zake zimewafikishia wenyeji maji na vifaa vya shule. Njia hizo ni mbili tofauti, lakini kote mtu anaona kwa macho yake msitu umempa nini. Bandikeni mapato na matumizi ukutani kila robo mwaka, kwa herufi ambazo mwenye miwani ya kuazima ataweza kuzisoma.

Dunia inauhitaji msitu wenu, na ndiyo maana mtu amesafiri kutoka mbali kuja kukaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji. Mkaribisheni. Mpeni maji ya kunywa. Halafu mwulizeni yote hayo, mmoja akiandika majibu kwenye daftari la mihtasari. Mnunuzi mwenye mizani sahihi hatachukia kuona na ninyi mmekuja na yenu.