Unatafuta Mtunza Stoo? Sema Hivyo

Tangazo la nafasi moja likitupwa kwenye kundi la WhatsApp saa mbili asubuhi, ikifika adhuhuri simu imejaa CV: madereva, walimu, mwenye shahada ya uhusiano wa kimataifa. Mwenye tangazo huguna kwamba watu hawasomi. Wamesoma sana, ila hawakuona kitu cha kuwazuia. Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Tegeta na unataka mtu wa stoo.

1. Cheo kiwe kile anachojiita mwenyewe. "Afisa Uratibu wa Bidhaa" kinapendeza kwenye kadi, lakini aliyezoea stoo za Buguruni hatajua kwamba ndiye anayeitwa. Andika "Mtunza stoo, duka la vifaa vya ujenzi", basi.

2. Eleza kazi, achana na sifa za malaika. "Mchapakazi, mwaminifu, anayejituma": nani atasoma hayo aseme, mimi mvivu, ngoja nipishe wengine? Eleza siku yake ilivyo. Anapokea nondo na saruji, anahesabu kabla lori halijaondoka, anaandika kwenye leja, hatoi mzigo bila risiti, na Jumamosi jioni anakagua stoo pamoja nawe. Kama vibarua wasipotokea naye atabeba mifuko ya kilo 50, mwambie humohumo. Asipolijua leo atalijua siku ya kwanza, na ya pili humwoni. Mistari sita inatosha, na ikikushinda kuiandika, ahirisha tangazo.

3. Pukutisha masharti. Shahada, uzoefu wa miaka mitano, umri usiozidi 25: huyo alianza kazi lini? Kila sharti liulize swali moja: akija mtu ana yote isipokuwa hili, nitamrudisha? Kama humrudishi, liite "nyongeza". Ya lazima hapa ni machache: ajue hesabu, aweze kutoa risiti ya EFD, na ajue kwa nini bati la geji 28 ni ghali kuliko la geji 30. Hilo la mwisho lina uzito kuliko vyeti vingi.

4. Futa "msichana, miaka 18 hadi 25, asiwe ameolewa". Bado yanabandikwa! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kubagua kwa umri, jinsia, ndoa, ujauzito, dini, kabila au ulemavu, isipokuwa pale kazi yenyewe inapodai, na mwombaji kazi naye analindwa. Isitoshe, unamfukuza mama wa miaka 40 ambaye hesabu zake hazijawahi kupungua msumari.

5. Taja mshahara na saa. "Mshahara mnono" maana yake hujaamua, au umeamua na unaona haya. Weka kiwango cha chini na cha juu, useme kama kuna nauli na chakula cha mchana, na kwamba utamchangia NSSF. Kisha andika saa, hata kama zinakuumbua. Saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa siku sita, ukitoa saa moja ya kupumzika kila siku, ni saa 60 kwa wiki. Sheria ileile inaweka saa 45. Za juu yake ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu, na haizidi saa 50 kwa wiki nne. Wewe, kwa hesabu hiyo, ovataimu ya wiki nne imefikisha saa 60. Hapo tatizo si tangazo tena: unahitaji watu wawili wa zamu, au ufunge mapema.

6. "Dar es Salaam" si mahali. Anayekaa Gongo la Mboto na anayekaa Bunju hawaioni Tegeta kwa jicho moja. Taja kituo cha daladala.

7. Sema anaombaje. Tarehe ya mwisho, namba ya ofisi, na jambo moja dogo la kujibu: aeleze kwa sentensi tatu angefanya nini akikuta mifuko kumi imepungua. Wanaotuma CV kila mahali wataishia hapo. Ongeza kwamba hakuna hela ya fomu wala ya usaili. Wengi wameshalizwa na matapeli, na makini ndio wanaokuwa wa kwanza kukuogopa.

8. Usilifute ukishampata. Sheria inakutaka umpe mwajiriwa wako kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali, saa na malipo. Mengi yamo tayari kwenye tangazo. Yahamishe, ongeza tarehe ya kuanza na aina ya mkataba, mpe nakala yake kabla hajakabidhiwa ufunguo wa stoo.