Dondoo Muhimu: Kutunza Paneli za Jua Pwani
Yeyote aliyejaaliwa paneli za jua juu ya paa lake, hasa katika miji kama Lamu na Mombasa, ambako chumvi ya bahari na mavi ya kunguru hugandamana juu ya kioo, na azioshe alfajiri kioo kingali baridi, kwani maji yakimwagwa adhuhuri juu ya kioo chenye moto huweza kukipasua. Atumie maji matamu na kitambaa laini. Maji ya kisima ya chumvi huacha utando mweupe, na waya wa kusugulia masufuria hukwaruza. Doa dogo lisidharauliwe, nami nalihesabu hili kuwa kubwa kuliko yote: likifunika seli moja, hupunguza umeme wa seli zilizoungwa nayo kwa mfululizo. Wala paneli zisikanyagwe abadan.