Dondoo Muhimu: Lebo na Bahasha kwa Printa ya Nyumbani

Huhitaji kununua programu. LibreOffice Writer ni ya bure na ina sehemu ya lebo na ya bahasha. Ukiwa na Microsoft Word, nayo inazo.

Kosa kubwa liko kwenye vipimo. Violezo vingi vya mtandaoni ni vya karatasi ya Kimarekani ya Letter, milimita 216 kwa 279, ilhali sisi tunatumia A4, 210 kwa 297. Ndiyo maana safu ya mwisho ya lebo, tuseme za chupa za achari, huishia kukatwa. Chagua A4, kisha kabla ya kuchapa hakikisha ukubwa ni asilimia 100. Ukiruhusu printa "itoshelezee ukurasa", kila kitu kitahama. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida, iweke juu ya karatasi ya stika, na uzielekeze zote dirishani uone kama mistari inalingana.

Una kadi za mchango wa harusi? Andika majina kwenye jedwali la Excel au la Calc ya LibreOffice, uyaunganishe na bahasha. Bahasha ndefu ya DL ni milimita 110 kwa 220. Lisha chache chache, maana hukwama kwa urahisi.

Lebo iliyochapwa kwa printa ya wino huchuja ikilowa. Kwa chupa za friji, afadhali ya leza. Ila usirudishe humo karatasi ya stika iliyokwisha kubanduliwa baadhi ya lebo: gundi ikiyeyuka ndani, fundi atakula hela yako.