SOMO: DAFTARI LA BARAFU



Mkaguzi hufungua kwanza vitabu vya zamani ndipo akadirie ya mwaka ujao. Ndivyo afanyavyo Bwana Lonnie Thompson, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ila yeye husoma barafu. Alisomea miamba akikusudia kazi ya makaa ya mawe. Mwaka 1974 akapanda Quelccaya, nchini Peru, na tangu hapo hakuiacha barafu ya milima ya nchi za joto.

Mwaka 2000 alifika Kilimanjaro. Yeye na wenzake walitoboa barafu kwa keekee mahali 6 hadi kwenye mwamba, wakatoa vipande virefu vya mviringo. Barafu hulala tabaka juu ya tabaka, kila moja na vumbi la siku zake. Ya chini kabisa waliikadiria kuwa na miaka 11,700 hivi. Walikuta pia utando wa vumbi, unene wa milimita 30, wa miaka 4,000 hivi iliyopita: alama ya ukame mkuu.

Wakalinganisha ramani. Tangu 1912 hadi 2000 eneo la barafu lilipungua kwa asilimia 80 hivi. Mwaka 2002 wakaandika kwamba, mwendo ukiwa huo huo, itakwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu kidogo ingalipo. Wapo waliocheka. Mimi sicheki: makadirio yalikosa mwaka, bali kupungua kumeendelea, na vipande vile vimewekwa Ohio katika ghala la baridi ili wengine wavisome upya. Katika vyama nilivyokagua, ni vichache vilivyonionyesha daftari la mvua la miaka 10.