Dondoo muhimu: Diski pacha za mfumo wa seva

Diski ya mfumo ikifa, seva nzima husimama, hata kama data zote ziko salama kwingine. Kwa benki, kampuni za bima na hospitali zilizojazana Upper Hill, Nairobi, hasara yake ni kubwa na kinga ni nafuu: diski mbili zinazoandikwa yaleyale kwa wakati mmoja, mpangilio uitwao RAID 1. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi.

Afadhali diski hizo zitoke katika mafungu tofauti ya kiwandani, kwani zilizotengenezwa pamoja huweza kuharibika kwa kufuatana. Kwenye Linux, programu ya mdadm ndiyo huziunganisha. Kosa linaloumiza zaidi ni kuweka GRUB, programu inayoamsha mfumo, kwenye diski moja tu. Hiyo ikifa, seva haitawaka ingawa pacha yake ni nzima. GRUB huwekwa kwenye zote mbili, kisha hujaribiwa kabla seva haijakabidhiwa kazi: diski moja huchomolewa na seva kuwashwa. Irudishwe na kusawazishwa kabisa, ndipo ije zamu ya nyingine.

Ni lazima seva itume tahadhari kwa barua pepe diski moja ikifa, maana hufa kimyakimya huku pacha yake ikiendelea na kazi.

Pacha si nakala rudufu: faili likifutwa, hufutwa kote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka data za watu ziweze kurejeshwa kwa wakati baada ya hitilafu, hivyo nakala nyingine ikae nje ya jengo.