Mwambie insha yake ilikuwa nzuri

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu wa miaka 19 amepata nafasi katika chuo kikuu binafsi cha utafiti huko Marekani. Gharama zote ni dola 91,000 kwa mwaka. Siku ya kuomba tulikaa wote kwenye kompyuta. Alipoinuka kwenda kuepua sufuria, kwenye swali la msaada wa fedha nikajaza "hapana", maana niliambiwa mgeni akiomba msaada hukataliwa upesi. Sasa nafasi ipo, pesa hakuna. Yeye anadhani chuo ndicho kilichomnyima msaada, na anasema labda insha yake haikuwa nzuri. Nafikiria kuuza kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, na kukopa SACCOS nipate za mwaka wa kwanza. Niuze? — Baba wa Binti, Moshi.*

Marahaba, Baba wa Binti.

Umeniandikia kurasa tatu za dola na kihamba, nami nimezikata karibu zote. Nimeshindwa kukata sentensi moja: "anasema labda insha yake haikuwa nzuri." Umeiandika ukapita haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Rudi hapo. Mtoto amejitwisha kosa lako, na wewe umekaa unamtazama akilibeba.

Pesa nizimalize upesi. Aliyekuambia hakukudanganya. Harvard, Yale, Princeton na MIT hawaangalii mfuko wa mwombaji hata akiwa mgeni, lakini vyuo binafsi vingi, Stanford kikiwamo, vikimpima mtu wa nje huangalia pia kama anahitaji msaada. Hofu yako ilikuwa na msingi. Ila Stanford hicho hicho, na vingine vingi, husema wazi kwamba mgeni asiyeomba msaada tangu mwanzo asiutarajie baadaye, miaka yote minne. Huenda "hapana" yako ilikuwa ya miaka minne.

Kihamba usiuze. Kitalipa mwaka mmoja, na ada za kule hupanda karibu kila mwaka. Wa pili utauza nini? Kwa viza ya mwanafunzi ataruhusiwa kazi ya hapo chuoni saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na hizo ni pesa za sabuni na daftari. Mkopo wa serikali ya Marekani hautolewi kwa mwanafunzi wa viza, na benki zao kwa kawaida hudai mdhamini raia au mkazi wa kudumu wa huko. Hapa nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuna Bodi ya Mikopo. Aombe huko pia.

Sasa turudi kwenye insha.

Nilipokuwa kidato cha pili, likizo ilikwisha, baba akaniambia shule haijafunguliwa kwa sababu ya kipindupindu. Siku ya tatu nikatumwa mafuta ya taa. Njiani nikawaona wenzangu wanatoka shule, sare zimepigwa pasi. Nikajibanza nyuma ya duka na dumu langu mpaka wakapita. Ada haikuwapo, basi. Baba amefariki hajanitajia ada ile hata mara moja. Kwa umaskini wetu sikuwahi kumlaumu. Uongo ule ulinichukua miaka mingi kuumeza, kwa sababu kwa muda mrefu niliamini nimefukuzwa na walimu na baba ananistahi.

Ndiyo maana sipendi kusikia mzazi akisema "mambo ya pesa ni ya wakubwa". Huyo wako ni mkubwa. Katika zile kurasa nilizokata umeandika mwenyewe kwamba anafundisha tuisheni ya hesabu na ndiye anayejaza gesi ya nyumba yenu. Anajua mtungi wa kilo 6 unakaa siku ngapi. Unamwamini kwa jiko lako, humwamini kwa fomu yenye jina lake? Ungemngoja arudi kutoka jikoni, mkajibu swali lile pamoja, hata kama jibu lingekuwa hilo hilo, leo mngekuwa wawili mnaohangaika. Sasa uko peke yako, naye yuko peke yake.

Kaa naye usiku huu, mama yake akiwapo. Fungua fomu, mwoneshe neno ulilojaza. Atalia. Pengine atanuna siku mbili asile nawe. Mwache anune, na usimtajie kihamba ili kumnyamazisha. Akitulia, aandike chuoni yeye mwenyewe aeleze kilichotokea: aulize kama kuna njia yoyote, na kama anaweza kuomba upya msimu ujao akiomba na msaada. Wanaweza kukataa. Usimwandikie wewe, umeshamjazia vya kutosha. Na msichelewe, vyuo vingi vya kule hutaka jibu ifikapo tarehe 1 Mei.

Lakini kabla ya fomu, anza na insha. Mwambie waliisoma, wakampa nafasi.